Zamu za Vyandarua Lupiro

Anayetaka kujua kama chandarua kipya kinashinda cha zamani hushawishika kutumia vibanda viwili: kimoja aweke hiki, kingine kile, asubuhi ahesabu mbu. Katika bonde la Kilombero, ambako watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wamefanyia kazi vibanda vya majaribio kijijini Lupiro, njia hiyo haifui dafu. Kibanda kilicho jirani na majaruba ya mpunga kinaweza kupata mbu wengi kuliko mwenzake, na harufu za walalaji haziwavutii mbu kwa kiasi kimoja. Hata vikijengwa kwa kipimo kilekile hadi msumari wa mwisho, vinabaki nusu mbili zisizolingana. Mbu akikomaa, ubawa wake wa kushoto hulingana na wa kulia bila kupangwa na mtu. Ulinganifu wa jaribio hauji wenyewe, hutengenezwa kwa zamu.

Nyenzo yake ni mraba wa Kilatini, ambao Leonhard Euler aliuchambua karne ya 18, na Ronald Fisher akauingiza katika majaribio ya kilimo Uingereza miaka ya 1920. Chukua vyandarua A, B na C, vibanda vitatu na siku tatu. Usiku wa kwanza vipange ABC, wa pili BCA, wa tatu CAB. Kila chandarua kimepita kila kibanda mara moja. Tuseme mahali kilipo kibanda cha kwanza panaongeza mbu 20: basi A ameongezewa 20, B 20, C 20, na tofauti inayobaki kati yao haitokani na mahali. Mlalaji asipohama kibanda chake, athari ya harufu yake nayo inafutika humohumo.

Mkosoaji atasema kibanda hakiongezi mbu 20, bali kinawazidisha, labda mara mbili. Ni kweli, na hapo jumla hazifuti kitu sawasawa. Ukitumia logi, kuzidisha kunageuka kujumlisha na ulinganifu unarudi, ingawa usiku usio na mbu hata mmoja unaleta adha, kwa kuwa sifuri haina logi.

Pingamizi zito zaidi ni la masalia. Dawa ya chandarua ikibaki kibandani, itaua mbu wa usiku unaofuata, na sifa ataipata asiyestahili. Tazama tena mraba wetu: kila B anapotanguliwa na mwingine kibandani, aliyemtangulia ni A. Mraba unaopendeza machoni umemfanya B mrithi wa kudumu wa A. Kwa herufi tatu inabidi kuongeza mraba wa pili unaozunguka kinyume, ACB, CBA, BAC. Kwa herufi nne, mmoja uliopangwa kwa makini unatosha. Vyandarua angalau huhamishika; dawa iliyopuliziwa ukutani ndiyo haihamishiki kabisa. Hapo njia mojawapo ni kuhesabu mbu wa kila kibanda kabla ya kupuliza, kisha kulinganisha kila ukuta na hali yake ya awali.