Kuiva kwa Uzi

Dera la reyoni, lile jepesi linalopepea hata upepo ukiwa kidogo, asili yake ni gogo. Pengine ni mkaratusi wa Afrika Kusini, ambako kiwanda cha Saiccor pale Umkomaas hugeuza miti kuwa selulosi safi. Msuka mkeka tunamsifu, msokota pamba tunamsifu. Wa kiwandani tunamwona mbonyeza vitufe tu. Leo nataka kumsifu yeye.

Selulosi humfikia ikiwa karatasi nene, nyeupe pe. Huilowesha katika soda kali, akaikamua, akaisaga mpaka ikawa chenga, kisha akaiacha itulie. Ikishatulia huichanganya na kaboni disalfaidi, na chenga zile nyeupe hugeuka rangi ya chungwa. Zikiyeyushwa katika soda nyepesi, hupatikana ute mzito kama asali. Waingereza watatu, Cross, Bevan na Beadle, ndio waliopewa hataza ya njia hiyo mwaka 1892.

Ila ute si uzi. Ukiwa mbichi hausokoteki, ukikaa mno huganda ndani ya mabomba, kwa hiyo lazima uive kwanza, saa nyingi, katika joto lisilopandapanda. Kujua kama umeiva, fundi hudondosha ute kidogo kwenye maji ya chumvi na kuangalia: unayeyuka au unaganda? Kadiri unavyoiva, ndivyo chumvi kidogo inavyotosha kuugandisha. Poliesta haina subira hiyo. Huyeyushwa kwa moto, ikapulizwa hewa baridi, basi.

Ute ukishaiva huchujwa na kunyonywa hewa, kwani kiputo kimoja chatosha kukata uzi. Kisha husukumwa kwenye kikofia kidogo cha dhahabu na platinamu, chenye matundu ambayo kila moja halifiki hata sehemu ya kumi ya milimita. Upande wa pili unangojwa na asidi ya salfuriki yenye chumvi za zinki na sodiamu. Ute ukigusana nayo, selulosi hurudi kuwa selulosi, ileile iliyomo kwenye pamba, ila sasa ni uzi mrefu usio na mwisho. Mwaka 1900 Charles Topham alibuni kopo linalozunguka kwa kasi kubwa: uzi huingia kwa juu, ukarushwa ukutani, ukajisokota na kujipanga wenyewe. Kampuni ya Courtaulds ilinunua haki za kutumia njia ile ya ute nchini Uingereza mwaka 1904, na mwaka uliofuata kiwanda cha Coventry kikaanza kazi.

Sifa hizi zina deni. Kaboni disalfaidi ni sumu ya mishipa ya fahamu, na wapo wafanyakazi waliorukwa na akili kwa kuivuta siku hadi siku. Gesi inayotoka kwenye bafu la asidi, ile inayonuka mayai viza, iliwaunguza macho wasokotaji. Nguo ilipata ulaini. Wao walipata maradhi.

Ndiyo maana naipenda liyoseli, mdogo wa reyoni. Humo selulosi huyeyushwa kwa kiyeyushi kingine, ambacho zaidi ya asilimia 99 yake hukusanywa na kutumika tena. Kaboni disalfaidi haimo, wala lile jaribio la chumvi halihitajiki. Taabu yake ni nyingine: ikisuguliwa ikiwa imelowa, hutoa vinyweleo. Mafundi wakaja na vimeng'enya vya kuvila vinyweleo hivyo kabla kitambaa hakijafika dukani.