Matambara Yaliyodhaniwa Vazi la Karamu

Watazamaji wengi wa The Idle Class, filamu fupi bubu ya Charlie Chaplin ya mwaka 1921, hukumbuka tukio moja: tajiri mlevi aliyehamwa na mkewe anatupa mgongo, mabega yakitikisika. Tunadhani analia. Akigeuka, kumbe anatikisa chombo cha kuchanganyia pombe! Tunacheka, na ni haki.

Lakini hatukubaliani na wanaoiona filamu hii kuwa mateke matupu. Kinaya chake kikubwa kimo katika karamu ya mavazi ya kuigiza. Mzururaji, ambaye pia ni Chaplin, anaingia na matambara yake ya kila siku, nayo yanachukuliwa kuwa vazi la mzaha. Mke mwenyewe anamdhania mumewe, na mume halisi amenaswa ndani ya deraya. Umaskini unakaribishwa ukidhaniwa mchezo. Ukweli ujulikanapo, mzururaji anaondoshwa. (Wanafunzi wa tamthilia watazame hapo jinsi vazi linavyobeba dhamira bila mazungumzo.)

Mwishoni baba wa mke anamfuata kutaka radhi. Mzururaji anamwonyesha kiatu, mzee anainama, anapigwa teke. Wapo wanaoliita utovu wa adabu. Sisi tunaliona kuwa jibu la haki: radhi ile ilimkuta akiwa tayari nje ya mlango.