Mizani ya Vidole na Mizani ya Pigo: Kauli ya Mpenzi wa Soul na Hip Hop

Mwalimu wa Kiswahili akiungama mbele ya walimu wenzake kwamba alifundishwa ushairi kwanza na Otis Redding, na ndipo baadaye akakutana na Shaaban Robert, yamkini baadhi yao watamwonea huruma na wengine watamtilia shaka. Hata hivyo ndivyo ilivyokuwa kwangu, na kwa kuwa jarida hili ni la walimu, naona heri niseme ukweli huo hapa kuliko kuuficha nyuma ya istilahi. Muziki wa Wamarekani Weusi umekwisha kusifiwa vya kutosha na watu waujuao kuliko mimi. Ninalotaka kueleza ni jambo moja tu ambalo muziki huo ulinionyesha kuhusu ushairi wetu: kwamba sisi walimu tumezoea kuipima mizani kwa vidole, ilhali mizani makao yake ni sikioni.

Nyumbani kwetu Kampala palikuwa na santuri chache za baba. Za juu zilikuwa za Jim Reeves, ambaye nyumba nyingi za Uganda zilimpenda (na Jumapili zingine bado zinampenda). Chini ya rundo hilo ndiko zilikokuwa santuri za soul. Neno hilo maana yake ni roho, nami nitaliacha lilivyo, maana tukisema "muziki wa roho" msikilizaji wetu atadhani ni wa kanisani. Dhana hiyo, hata hivyo, isingekuwa potofu sana. Aretha Franklin alikulia katika kanisa la baba yake, mchungaji C. L. Franklin, mjini Detroit. Sam Cooke aliimba nyimbo za dini miaka kadhaa kabla ya kuimba za dunia. Desturi ya mmoja kuita na wengi kuitikia, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa soul, ilitoka huko.

Hebu tutazame wimbo mmoja tu, "Respect". Otis Redding aliutunga na kuutoa mwaka 1965. Katika kinywa chake ni wimbo wa mwanamume arudiye nyumbani na fedha zake, akidai aheshimiwe. Mwaka 1967 Aretha Franklin akauimba upya, nao ndugu zake Erma na Carolyn wakaitikia. Maneno mengi aliyaacha yalivyo, machache akaongeza. Lakini dai lote likageuka: sasa adaiye ni mwanamke, na waitikiaji nyuma yake wanasikika kama majirani waliokuja kushuhudia. Sisi tumezoea kuwaambia wanafunzi kwamba fani ni chombo na maudhui ni kinywaji kilichomo. Mimi tangu nilipozisikia santuri hizo mbili, moja baada ya nyingine, sikuweza tena kuusema mfano huo bila kusita, kwa sababu hapo chombo ndicho kilichogeuza kinywaji.

Jambo la pili nililolipata katika soul ni namna ya kuitumia silabi. Mwimbaji huishika silabi moja akaivuta, akaipandisha na kuishusha kwa sauti tano au sita kabla ya kuiachia, na msikilizaji hakosi kujua pigo liko wapi. Wazee wa pwani waliotunga mashairi ili yaimbwe hawangeshangazwa na hilo. Sisi tuliojifunza mashairi kwa kalamu nyekundu ndio tunaoshangaa.

Nasi Waganda tuliupata wimbo wa jamii hiyo, kwa gharama kubwa. Mwaka 1989 Philly Lutaaya, mwanamuziki wetu aliyekuwa akiishi Sweden, alijitokeza hadharani akasema kwamba ana UKIMWI. Alikuwa Mganda wa kwanza mwenye jina kubwa kufanya hivyo. Aliimba kwa Kiingereza, polepole, juu ya upweke wa mgonjwa, kisha wimbo ukafunguka ukawa wito kwa watu wote wasimame pamoja. Alifariki Desemba ya mwaka huo huo. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na Kiingereza changu kilikuwa haba, lakini nilielewa, na watu wazima waliokuwa chumbani walielewa pia, maana hakuna aliyezungumza hadi wimbo ulipokwisha.

Hip hop ni mtoto wa soul kwa maana iliyo karibu na ya damu. Wengi hutaja tarehe 11 Agosti 1973, huko Bronx, New York, ambapo Kool Herc alipiga santuri katika karamu ya dada yake. Alichukua vipande vile ambamo waimbaji hunyamaza na ngoma kubaki peke yake, katika santuri za James Brown na wengineo, akavirudiarudia. Juu ya ngoma hiyo ndipo watu wakaanza kughani. Kwetu Kampala muziki huo ulizagaa zaidi baada ya redio za binafsi, Sanyu na Capital, kuanza kutangaza mwishoni mwa mwaka 1993. Asiyekuwa na fedha za kaseti alikaa na kidole juu ya kitufe cha kurekodi, akiomba mtangazaji asiingilie katikati ya wimbo. Mtangazaji aliingilia daima.

Magazeti ya Tanzania yaliubatiza "muziki wa kufokafoka". Jina hilo lina ucheshi, lakini ni la dhuluma kidogo. Uji hufoka jikoni, na mtu mwenye hasira hufoka. Vyote viwili havina kipimo. Kazi ya mghani wa hip hop, kinyume chake, yote ni kipimo. Mshororo mmoja una mapigo manne. Ndani ya mapigo hayo anaweza kutia silabi nane au ishirini, au akanyamaza pigo zima, mradi arudi nyumbani kwa wakati. Mwimbaji wa soul huipa silabi moja sauti nyingi. Mghani huyu hulipa pigo moja silabi nyingi. Wote wawili wanapima kwa muda.

Hapa Kampala kundi la Bataka Squad, katika miaka ya 1990, lilionyesha kwamba Kiganda kinaiweza kazi hiyo, na mtindo wao ukajulikana kwa jina la Luga Flow. Kiganda kina bahati: konsonanti zake hujirudufu na irabu zake hurefuka, kwa hiyo neno lenyewe huja na ngoma yake. Kiswahili hakina konsonanti hizo. Saleh Jabir wa Tanzania, alipotia maneno ya Kiswahili juu ya mdundo wa "Ice Ice Baby" mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo, alikuwa akijaribu kuivalisha lugha yetu koti lililoshonwa kwa kiwiliwili kingine.

Na hapa ndipo penye tatizo la kiufundi ambalo wahakiki wetu, kwa kadiri nilivyosoma, wamelipita haraka. Karibu kila silabi ya Kiswahili huishia irabu, na vina hupatikana kwa wingi kama maembe msimu wake. Kwa desturi ya shairi, "sana", "shina" na "kuona" ni vina halali, kwa kuwa vyote vinaishia na. Katika kuimba hakuna hasara, maana sauti huivuta silabi ya mwisho hadi isikike. Lakini mtu anapoghani juu ya ngoma, mkazo huanguka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ile ya mwisho hupita kama kivuli. Vina hivyo vilivyo halali karatasini havisikiki. Ndiyo maana wasanii hodari hutafuta vina vya silabi mbili na zaidi: "sana" hupewa "bwana", wala hapewi "shina". Wasanii dhaifu, nao ni wengi, hukusanya maembe yaliyoanguka chini.

Mfano wangu bora ni "Ndio Mzee" wa Professor Jay, wa mwaka 2001. Mgombea anahutubia mkutano. Anaahidi, na umati unamwitikia kwa maneno mawili yaliyo jina la wimbo. Anaahidi jambo kubwa zaidi, wanaitikia vile vile. Ahadi zinapanda hadi kufikia upuuzi, na kiitikio hakibadiliki hata herufi moja. Lakini kila kinaporudi kina maana nyingine: kwanza ni adabu, kisha ni mazoea, mwishowe ni kitu ambacho mimi hukiita aibu, ingawa wanafunzi wangu hukiita kichekesho. Hiyo ni ile ile desturi ya kanisani ya kuita na kuitikia, ila sasa imegeuzwa ili kuwahukumu waitikiaji. Kati ya vibwagizo vya mashairi tunayofundisha, vingapi vinafanya kazi hata nusu ya hiyo? (Mtunzi mwenyewe alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi mwaka 2015. Naliacha hilo kwa msomaji.)

Mpenzi wa kweli hafichi kasoro. Zipo nyimbo za hip hop nilizozipenda nikiwa kijana ambazo leo siwezi kuzipiga mbele ya binti yangu, kwa jinsi zinavyomtaja mwanamke. Kusema kwamba mdundo wake ni mzuri si utetezi. Nimezitoa katika orodha yangu, na midundo yake bado naikumbuka.

Wasomaji walioko Tanzania huenda wasiuone uzito wa haya yote kwa mwalimu wa Kampala. Huku, na hasa Buganda, Kiswahili kilijulikana kwanza kambini. Kilikuwa lugha ya askari tangu zama za ukoloni. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na wazee wengi walikisikia kwa mara ya kwanza kikiulizwa kwenye vizuizi vya barabarani. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 kikawa lugha rasmi ya pili; Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kupendwa hakuwezi kuamuliwa hivyo. Wanafunzi wangu wengi hawana shairi la Kiswahili walilolisikia nyumbani. Wimbo wa hip hop wanao.

Nilipowaruhusu watunge kwa namna hiyo, kijana mmoja kutoka Kawempe alileta ubeti ulioanza hivi:

Bibi amefunga mlango, kasikia nikighani,
Kwake lugha hii bado ni buti uwanjani.

Mwalimu mmoja aliyenitangulia kazini, mtu ninayemheshimu, aliihesabu mishororo hiyo kwa vidole. Wa kwanza una mizani 17, wa pili 15. Akaandika tarakimu hizo pembeni kwa wino mwekundu na kuniuliza kama huo ndio ushairi ninaoufundisha. Nilimwita kijana aghani huku mwenzake akigonga dawati mapigo manne. Katika mshororo wa kwanza aliziharakisha silabi za "kasikia" kama mtu anayekimbia kuingia ndani. Katika wa pili, baada ya "bado", alinyamaza. Pigo lilipita tupu, kisha zikaja hizo buti. Mizani iliyopungua ilikuwa ndani ya ukimya ule, na sote tuliisikia.

Nilimuuliza kama bibi yake ameusikia ubeti huo. Akasema hapana, huughani akiwa njiani tu.

Mwenzangu hakuzibadilisha alama, na kwa kanuni za mtihani tulizonazo alikuwa na haki. Lakini alimwomba kijana aghani tena, na baada ya hapo mara ya tatu.