"Hakuna Matata": hasira iko na haki, hoja imekosea mlango

Ndugu wahitimu, ile petisyo ya 2018 juu ya Disney na "Hakuna Matata" ingali inazunguka mu telefone zetu. Aliianzisha Shelton Mpala wa Zimbabwe, na zaidi ya watu elfu mia moja wakaitia saini. Mimi naona hasira yake iko na haki, lakini hoja yake imekosea mlango.

Inasema: Disney hawakubuni maneno haya, basi hayawezi kuwa yao. Hoja ile ingekuwa na nguvu kama ni breve ya uvumbuzi ao haki ya mtunzi. Breve inauliza nani alivumbua, na inaisha kisha miaka 20. Haki ya mtunzi inauliza nani alitunga. Sheria yetu ya 1986 inailinda miaka 50 kisha kifo chake, Marekani 70.

Marke haiulizi hayo. Inauliza tu: mnunuzi akiona neno hili ku bidhaa, atajua imetoka kwa nani? Tena marke inafanywa upya kila miaka 10, bila mwisho. Disney waliomba mu 1994, wakapata mu 2003, kwa tisheti, mu Marekani. Hakuna aliyetukataza kusema. Matata Ponyo wa kwetu Maniema alikuwa waziri mkuu 2012–2016 bila kuomba ruhusa kwa mtu!

Linganisha na kikoi. Kampuni moja ya Uingereza ilitaka "kikoy" iwe marke yake. Wakenya na marafiki wao wakajibu: hilo ni jina la nguo yenyewe, kila muuzaji analihitaji. Ombi halikupita. Hoja ile iligonga mlango wenyewe.

Kwetu je? Marekani, anayetumia jina kwanza ku soko iko na haki. Kongo, kwa sheria ya 1982, marke ni ya yule anayeiandikisha kwanza. Mama wa Lokandu anaweza kuuza muchele miaka kumi na jina lake ku mufuko, kisha mwingine akaliandikisha Kinshasa, na mama akabaki kujitetea. Kwa yeye, saini elfu mia moja hazina kazi; karatasi moja iko nayo. Sisi wenye diplome, tumsaidie kuijaza kabla mwingine hajawahi.