Pumzi ya Wiki ya 52

Kifaa chenyewe ni kidogo, kinatosha mkononi. Anayepimwa anavuta pumzi nyingi, anaibana kwa sekunde 15, kisha anaweka midomo kwenye mrija wa karatasi ngumu na kupuliza polepole mpaka mapafu yaishiwe. Tarakimu zinapanda kwenye kioo, zinasita, zinatulia. Zikitulia chini ya 8, maana yake katika kila chembe milioni za hewa aliyoipuliza, kaboni monoksaidi haikufika chembe nane. Mpimaji anaandika. Zikipita hapo, anaandika vilevile.

Kaboni monoksaidi hutoka kwenye kitu kinachoungua. Tumbaku inaungua. Sigara ya kielektroniki, ambayo wengi mjini wanaiita vepu, haichomi kitu. Inapasha moto kimiminika chenye nikotini mpaka kitoe mvuke. Kwa hiyo aliyeacha sigara akabaki na vepu tu hupuliza na tarakimu zikabaki chini, na aliyerudia sigara zake asubuhi ile tarakimu humtaja. Kupima nikotini kusingesaidia, kwa sababu wa vepu anayo na wa kibandiko cha nikotini anayo. Kabla ya kusifu jambo lingine lolote katika utafiti ninaousimulia, nasifu uchaguzi huu wa kipimo: kinajibu swali lililoulizwa, si swali la jirani yake.

Utafiti huo ulifanyika Uingereza, ukiongozwa na Peter Hajek wa Queen Mary University of London, na matokeo yake yakatoka katika jarida la New England Journal of Medicine Januari 2019. Swali lake linaeleweka na yeyote: mtu mzima aliyeamua kuacha sigara, ni kipi kitamfikisha mwaka mzima bila kuvuta, vepu au dawa za nikotini zilizozoeleka? Nimeisoma taarifa yao mara nyingi, pole pole, kama mtu anavyokaa ufukweni kumtazama fundi akikalafati jahazi. Fundi yule hapotezi muda kusifia mbao. Anapitisha kidole kwenye kila mwanya akitafuta maji yatakakopenya, kisha anashindilia pamba.

Mwanya wa kwanza ni watu wenyewe. Waliandikishwa wavutaji waliokwenda kwa hiari yao kwenye huduma za umma za kuacha sigara. Utafiti mzima, pamoja na kuwafuatilia watu, ulianza Mei 2015 ukaisha Februari 2018, na waliopatikana ni 886. Wajawazito na wanaonyonyesha hawakuchukuliwa, wala waliokuwa tayari wanatumia kimojawapo cha vitu vinavyolinganishwa. Hawakuchukuliwa pia wenye upendeleo mkali, wanaosema wanataka hiki tu au kile hawakitaki kabisa. Hapo nilisimama nikarudia kusoma. Watu hao walikuwa wameshafika, wana shauku, na wangejaza idadi haraka. Lakini moyo uliokwisha kuchagua ungepindisha matokeo, na watafiti wakakubali kungoja wengine.

Kisha kura ya kuamua nani apate vepu na nani dawa. Ilipigwa siku ileile mshiriki aliyopanga kuacha sigara, wala si wiki moja kabla, kwa sababu anayejua mapema kwamba hakupata alichokitamani huenda asirudi, na wanaokata tamaa wangekuwa wengi upande mmoja. Mpangilio wa kura ulitengenezwa na kompyuta katika mafungu ya watu 20, nusu huku na nusu kule, kwa kila kituo peke yake. Programu haikumfunulia mhudumu kura inayofuata mpaka mshiriki awe ameshaingizwa kwenye kumbukumbu. Mhudumu mwenye huruma asingeweza kumpitisha mzee wa watu kwenye kundi analodhani ni bora. Katika kazi hii hata huruma huhesabiwa kuwa mwanya.

Waliopangiwa dawa za nikotini walichagua wenyewe: kibandiko cha ngozi, gamu ya kutafuna, kidonge cha kumung'unya, dawa ya kupuliza puani au mdomoni na nyinginezo. Walihimizwa kuchanganya aina mbili, na asilimia 88 wakachanganya. Walipewa hadi miezi mitatu na wakaruhusiwa kubadilisha. Waliopangiwa vepu walipata kifaa kimoja cha kujazwa upya na chupa ya mililita 30 ya kimiminika chenye ladha ya tumbaku, miligramu 18 za nikotini kwa kila mililita. Walifundishwa kukitumia, na chupa ikiisha wakanunue wenyewe nguvu na ladha wanayoipenda. Kila upande ulitia sahihi ahadi ya kutogusa cha upande wa pili kwa angalau wiki nne. Wote walionana na mshauri kila wiki katika wiki hizo nne, na kila walipoonana, walipuliza.

Angalia jinsi upande wa pili ulivyotendewa. Anayetaka vepu ishinde angeipambanisha na kibandiko kimoja hafifu, kisha atangaze ushindi. Hawa waliipambanisha na dawa bora za nikotini walizokuwa nazo, zimechaguliwa na mtumiaji mwenyewe, na mshauri yuleyule.

Mwanya mmoja haukuzibika. Hakuna namna ya kumficha mtu kwamba ameshika vepu. Mshiriki aliyepewa kibandiko alijua, na kama aliona amepewa cha hali ya chini, huenda alijitahidi kidogo. Watafiti wameliandika hilo waziwazi, msomaji alipime.

Baada ya wiki nne vikao vinakwisha, na inaanza sehemu ya kazi ambayo haina cha kutazama. Watu wanarudi kwenye maisha yao: misiba, zamu za usiku, marafiki wanaovuta. Katika wiki ya 26 wanapigiwa simu. Katika wiki ya 52 wanapigiwa tena. Mtu amehama, namba imebadilika, simu inaita mpaka inakatika. Kwa mamia ya watu, mmoja baada ya mwingine, kwa maswali yaleyale. Walipatikana asilimia 78.8 mwishoni mwa mwaka, na kwangu tarakimu hiyo ina jasho kuliko zote zilizochapishwa katika taarifa nzima.

Na wasiopatikana? Walihesabiwa kuwa wanavuta. Anayesema kwa simu kwamba ameacha lakini haji kupuliza, naye alihesabiwa kuwa anavuta. Waliokuja walipewa pauni 20 kufidia nauli na muda wao. Kanuni yenyewe iliandikwa kwa utu: wiki mbili za mwanzo za kuhangaika hazihesabiwi, na baada ya hapo kuteleza hadi sigara tano kwa mwaka mzima kunasamehewa. Zaidi ya hapo, hapana.

Ndipo hesabu ikafungwa. Washiriki wawili walikuwa wamefariki, wakaondolewa. Upande wa dawa za nikotini waliofika mwaka ni 44 kati ya 446, yaani asilimia 9.9. Upande wa vepu ni asilimia 18.0. Karibu maradufu. Hata hivyo katika kila watu kumi waliopewa vepu, wanane hawakufika, na taarifa haikuficha.

Haikuficha mengine pia. Muwasho wa koo au mdomo uliwapata asilimia 65.3 ya wenye vepu na 51.2 ya wenzao. Kichefuchefu kiliwasumbua zaidi wa dawa, 37.9 kwa 31.3. Na kati ya walioacha sigara kwa msaada wa vepu, asilimia 80 walikuwa bado wanaitumia mwaka ulipotimia, wakati upande wa pili waliobaki na dawa zao ni asilimia 9. Mpinzani wa vepu anaweza kuichukua tarakimu hiyo akaitumia dhidi ya watafiti, nao ndio waliompa.

Washiriki wote walikuwa watu wazima waliokuwa tayari wanavuta sigara. Kijana ambaye hajawahi kuonja tumbaku hakuwamo, kwa hiyo muuza vepu akikutajia utafiti huu ili amuuzie mwanao, mwambie haukumhusu.

Waliovuka mwaka kwa vepu ni 79 kati ya 438. Kila mmoja wao alikuja akapuliza.