Volti Zinazopotea Njiani na Umeme Unaorudi kwa Ethi

Kila mita ya waya wa shaba ina ukinzani, na ukinzani huo hula sehemu ya volti kabla umeme haujafika kwenye kifaa. Kanuni za nyaya za Uingereza, BS 7671, zinaruhusu upotevu wa asilimia 3 kwa taa na asilimia 5 kwa matumizi mengine. Kwa umeme wa volti 230, viwango hivyo ni volti 6.9 na 11.5.

Chukua hita ya maji ya bafu la uani, inayovuta ampea 20, mita 40 kutoka meni swichi. Kebo ya milimita za mraba 2.5 hupoteza milivolti 18 kwa kila ampea na kila mita. Ukizidisha 18 kwa 20 kwa 40, unapata volti 14.4: kiwango kimevukwa. Kebo ya milimita za mraba 4, inayopoteza milivolti 11, hula volti 8.8 tu, nayo inafaa.

Hesabu ya pili ni ya uhai. Waya wa laivu ukigusa bodi la chuma la hita, umeme hupita kwenye bodi, waya wa ethi, kisha hurudi hadi transfoma. Ukinzani wa mzunguko huo mzima ndio unaoamua ukubwa wa mkondo wa hitilafu. Sakiti breka ya aina B ya ampea 32 huhitaji ampea 160 ili ikate papo hapo, hivyo mzunguko usizidi omu 1.37. Kebo ile ya milimita 4, yenye ethi ya 1.5, huchangia takriban omu 0.8 ikiwa na joto la kazi. Njia ya nje ikiwa na omu 0.35, jumla ni 1.15 na breka itakata.

Mambo hubadilika pale ethi inapotegemea fimbo iliyopigiliwa ardhini. Mzunguko wa omu 20 hupitisha ampea 11.5 tu. Breka haikati, na bodi hubaki na volti za kuua. Kebo nene haisaidii, kwa kuwa kikwazo kiko kwenye udongo. Hapo inahitajika swichi ya umeme unaovuja ya miliampea 30, ambayo hukata hata ukinzani ukifika omu 200.

Fundi achague kebo kwa hesabu ya kwanza na kinga kwa hesabu ya pili, kisha apime mzunguko wa ethi kabla ya kukabidhi nyumba. Taa kuwaka si ushahidi wa usalama.