Jicho na Ulimi: Nineteen Eighty-Four Katika Filamu ya Michael Radford

Utangulizi

Wasomaji wa Kiswahili wamemfahamu George Orwell zaidi kupitia Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyotoka mwaka wa 1967. Riwaya yake ya mwisho, Nineteen Eighty-Four (1949), imegeuzwa kuwa filamu zaidi ya mara moja. Michael Anderson aliitoa mwaka wa 1956, naye Michael Radford akaitoa mwaka wa 1984, mwaka uleule unaotajwa na anwani ya riwaya. Filamu ya Radford husifiwa kwa uaminifu wake kwa matini asilia. Makala haya yanaihoji sifa hiyo. Hoja yake ya msingi ni kwamba Radford amelinasa jicho la dola kikamilifu lakini ameuacha ulimi wake, na kwamba uamuzi huo unabadilisha maana ya mwisho wa kisa.

Jicho la dola

Kwa upande wa mandhari, mafanikio ya filamu hayana ubishi. Ilipigwa London na viungani mwake kati ya Aprili na Juni 1984, miezi ileile ambamo kisa kinaanzia. Mpigapicha wake, Roger Deakins, alitumia mbinu ya kusafisha nakala za filamu bila kuiondoa madini yote ya fedha, hivyo rangi zikafifia na ulimwengu mzima ukaonekana kama uliofunikwa na majivu. Uso wa John Hurt, anayeigiza Winston Smith, ni sehemu ya mandhari hayo.

Hata hivyo, katika riwaya hofu haitokani na kuonekana bali na kutojua. Winston hawezi kung'amua ni wakati gani teleskrini inamtazama, na shaka hiyo ndiyo inayomfanya ajichunge mwenyewe. Kamera haiwezi kuwa na shaka ya namna hiyo, kwani humwandama Winston daima. Hata anapojibanza pembeni kuandika shajara yake, mtazamaji yumo naye. Radford anaigeuza dosari hii kuwa nguvu. Filamu inaanza kwa umati uliokusanyika kutazama picha za propaganda; watazamaji wa sinema wanawatazama watazamaji wengine wakifunzwa kuchukia. Baadaye, katika chumba kilicho juu ya duka la Charrington, picha ya ukutani inaanguka na teleskrini iliyojificha nyuma yake inafichuka. Hapo mtazamaji anatambua kwamba mapenzi ya Winston na Julia, aliyoyatazama kana kwamba ni siri, yalikuwa na mtazamaji mwingine. Nafasi yake na ya mpelelezi zilikuwa moja.

Ulimi wa dola

Upelelezi wa ndani zaidi katika riwaya unafanywa kwa njia ya lugha. Syme, mtaalamu wa kamusi, anaeleza kwamba lengo la Usemi Mpya ni kupunguza msamiati hadi jinai ya mawazo isiwezekane, kwa kukosa maneno ya kuiwazia. Katika filamu Syme yumo, na istilahi za Chama zinasikika, lakini zinabaki kuwa mapambo ya mandhari. Winston anaonekana akibadilisha habari za magazeti ya zamani na kutumbukiza karatasi tunduni. Kitendo kinaonekana, ila jinsi sentensi moja inavyoifuta nyingine haionekani. Sauti inapokaribia kubeba uzito huo ni pale Richard Burton, katika nafasi ya O'Brien, anapomtesa Winston kwa upole wa mwalimu. Hiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho ya sinema. Alifariki Agosti 1984, kabla filamu haijaonyeshwa.

Huenda ikadaiwa kwamba filamu ni sanaa ya picha na haifai kulaumiwa kwa kukosa kurasa. Dai hilo lina mashiko. Swali la haki basi ni hili: kilichoachwa kimefidiwa kwa nini?

Mwisho wa kisa

Riwaya inafungwa na kiambatisho kuhusu Usemi Mpya, kilichoandikwa kwa Kiingereza cha kawaida na katika wakati uliopita. Baadhi ya wahakiki wamekichukua kuwa dalili kwamba Chama kilianguka, na kwamba mtu fulani alibaki na lugha ya kulisimulia hilo. Filamu haina kiambatisho hicho. Badala yake inaugusa moyo wa Winston. Katika riwaya, msimulizi anatamka bila shaka yoyote kwamba Winston anampenda Kaka Mkubwa. Katika filamu, Winston anaitazama sura ya kiongozi huyo, anageuza uso, na kwa sauti ya chini anatamka maneno ya mapenzi ambayo yeye na Julia walizoea kuambiana. Anayependwa hatajwi. Yakisemwa kwa Kiswahili, kiambishi -ku- cha mtendwa kinabaki bila mwenyewe.

Ubunifu huu unagusa, lakini una gharama. Orwell aliufunga moyo wa mtu mmoja na kuiacha historia wazi. Radford ameifunga historia na kuacha ufa moyoni. Tumaini la riwaya ni la jamii, kwa kuwa lugha ni mali ya wengi. Tumaini la filamu ni siri ya mtu aliyekwisha kushindwa, na siri hiyo haiwezi kuitingisha dola yoyote. Uaminifu wa kugeuza riwaya kuwa filamu haupimwi kwa vitu vilivyohifadhiwa tu. Hupimwa pia kwa mahali matumaini yanapowekwa.